Osha kichocheo chako kabla ya kupima asidi yake

Namba yangu ya kwanza ya asidi ilikuwa nzuri mno. Nilikuwa nimetengeneza kichocheo kwa mkaa wa vifuu vya nazi uliopikwa ndani ya asidi kali ya salfuriki, nikitaka kugeuza mafuta ya chipsi yaliyochakaa kuwa biodizeli. Bureti, bomba la kupimia kimiminika kinachodondoshwa, ilionyesha asidi tele. Nilipokitumia mara ya pili, kilikuwa kimekufa. Kumbe nilipima asidi ya salfuriki iliyobaki kwenye vitundu vya mkaa, ambayo haikushikamana nao hata kidogo.

Kwa hiyo, osha. Tumia maji ya moto yaliyokenekwa, tena na tena, na usitegemee karatasi ya pH peke yake. Maji ya mwisho yadondoshee kloridi ya bariamu: yakigeuka meupe, salfeti bado imo, rudia. Kazi hii inachosha, lakini usiikatishe.

Kisha kausha kwenye oveni, nyuzi 105, usiku kucha. Kipoe ndani ya deseketa, chombo kilichofungwa kisichoingiza unyevu, nawe upime uzito papo hapo, maana mkaa huu hunywa unyevu wa hewa na mizani itakupimia maji.

Kupima kwenyewe si kugumu. Loweka gramu 0.2 kwenye maji ya kloridi ya sodiamu, utikise kwa saa kadhaa. Sodiamu hukaa mahali pa haidrojeni ya vikundi vya salfoniki, yaani asidi iliyoshikamana na mkaa, na haidrojeni hiyo huingia majini. Chuja, kisha titresha, yaani dondoshea kwa bureti hadi asidi iishe, kwa sodiamu haidroksaidi ya molari 0.01 na matone ya fenolfthalini, ambayo hubadili rangi asidi ikiisha. Zikienda mililita 24, una milimoli 1.2 za asidi kwa gramu ya kichocheo. Titresha pia maji ya chumvi matupu, ukatoe kiasi hicho. Ukiloweka kwenye sodiamu haidroksaidi badala ya chumvi, karboksili na fenoli, asidi dhaifu za mkaa wenyewe, nazo huhesabiwa. Namba hizo mbili usizilinganishe.

Utashauriwa kutumia amonia: kichocheo hushibishwa gesi hiyo, kisha hupashwa moto polepole huku kigunduzi kikisoma kinachotoka. Kwa zeolaiti, vichocheo vya madini yenye vitundu, naipenda sana njia hii. Kwa mkaa wenye salfoniki inanitia shaka, kwa kuwa joto likipanda vikundi vyenyewe huvunjika na kutoa salfa dioksaidi, na kigunduzi kinachosoma upitishaji joto hakiitofautishi na amonia. Ukilazimika, pasha kwanza sampuli nyingine isiyotiwa amonia, uone inatoa nini.