Je, Marekani ilijifungia hadi Pearl Harbor?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nipo kidato cha sita. Madesa yetu yanasema Marekani ilijifungia baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ikaamshwa na shambulio la Wajapani kwenye kambi yake ya Pearl Harbor mwaka 1941, na tangu siku hiyo ikawa kiongozi wa dunia. Nikijibu hivyo nitapata alama?

JIBU: Marahaba. Jibu hilo nalisahihisha kila mwaka na kila mwaka linaniuma, maana wanaoliandika ni wanafunzi wanaojituma.

Kinachopotosha ni hilo neno "kujifungia". Wanajeshi wa Marekani walikaa Haiti tangu 1915 hadi 1934. Ufilipino ilikuwa koloni lao miaka yote hiyo. Ujerumani nayo, kuanzia 1924, ililipa fidia za vita ikitegemea mikopo ya mabenki ya Marekani. Hawakujifungia, walikataa kujifunga, yaani kuahidi mapema kwamba vita vya mwenzao ni vyao pia.

Tazama kura za Seneti. Machi 1920, Mkataba wa Versailles wa kumaliza Vita Kuu ya Kwanza, uliobeba Shirikisho la Mataifa (mtangulizi wa Umoja wa Mataifa), ulipata kura 49 za ndiyo na 35 za hapana. Wengi waliukubali! Ulianguka kwa kuwa ilitakiwa theluthi mbili, zikapungua kura 7. Julai 1945, Hati ya Umoja wa Mataifa ikapita kwa kura 89 dhidi ya 2.

Mtahini anataka ueleze safari ya kutoka kura ile hadi hii, na Pearl Harbor ni kituo kimoja tu njiani. Sheria ya kuwapa Waingereza silaha bila fedha taslimu ilipita Machi 1941, miezi tisa kabla ya mabomu. Julai 1944, nchi 44 zilikutana Bretton Woods, Marekani, kupanga mambo ya fedha duniani, dola ikawa kipimo cha sarafu nyingine. Na hata baada ya ushindi, wananchi walitaka vijana wao warudi nyumbani. Machi 1947 Rais Truman alilazimika kwenda mwenyewe Bungeni kuomba dola milioni 400 za kuzisaidia Ugiriki na Uturuki.

Wauza madesa na watengeneza video za dakika tatu hawakupi haya. Wanakupa tarehe moja kwa sababu tarehe moja inakaririka upesi, na wanafanya hivyohivyo kwa Ujapani, Urusi na uhuru wa nchi zetu. Wala hawahakiki. Mwaka jana lilizunguka desa linalosema NATO, muungano wa kijeshi wa Marekani na wenzake, iliundwa 1945. Ni 1949. Karibu darasa zima waliniandikia 1945.