Oksimita inayong'ang'ania 85: kagua kwanza jicho linalopokea mwanga

Mkuu, umesema oksimita ya wodini kwenu, ile mashine ya kidoleni inayopima asilimia ya oksijeni kwenye damu, inasoma 85 kwa kila mtu, hata kwako wewe uliye mzima, na mmeambiwa bodi, yaani saketi ya ndani, imekufa. Usinunue bodi bado. Hiyo 85 nimepambana nayo sana kwenye kazi hii ya vifaa tiba.

Kwenye probu, yaani kile kibanio cha kidoleni, kuna taa mbili, nyekundu ya nanomita 660 na nyingine isiyoonekana kwa macho, karibu 940. Upande wa pili imekaa fotodayodi ya silikoni, ndiyo lile jicho linalopokea mwanga. Taa zinapokezana kuwaka, halafu zote zinazimika kidogo ili mashine ipime mwanga wa chumbani na kuutoa. Katika mwanga unaopenya kidole, kinachopanda na kushuka na mapigo ya moyo ni kidogo mno, mara nyingi asilimia 1 au 2. Mashine inalinganisha mpwito huo kwa taa zote mbili. Ikiukuta uko sawasawa, hesabu inatoa takriban 85. Jua la dirishani au waya uliokatikia ndani huzitikisa zote mbili kwa pamoja, ndiyo maana namba haitoki hapo.

Funika kidole pamoja na probu kwa kitambaa cheusi kizito. Namba ikihama, mwanga wa nje ndio mchawi. Isipohama, chezesha waya pale unapoingia kwenye plagi. Kisha futa kidirisha cha fotodayodi kwa pamba yenye spiriti. Kuna probu niliikuta imegandwa na gundi ya plasta, kidirisha kimekuwa rangi ya chai ya rangi. Nilipoifuta tu ilisoma 98.

Tafadhali usibandike fotodayodi nyeusi ya kipokezi cha rimoti. Nilijaribu, nikapoteza siku mbili: plastiki ile inapitisha ile taa isiyoonekana na kuizuia nyekundu, kwa hiyo hakuna cha kulinganisha. Weka probu mpya inayolingana na mashine, uijaribu kwa watu kadhaa sambamba na oksimita nyingine nzima. Vidole vyenye hina, piko au rangi ya kucha viache.

Na hili linaniuma. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2020 uliangalia wagonjwa ambao oksimita iliwasomea 92 hadi 96. Kwa weusi, asilimia 11.7 ya vipimo vya damu ya ateri vilionyesha chini ya 88. Kwa weupe, 3.6. Waambie manesi wenu: mgonjwa anayehema kwa shida asiachwe kwa sababu mashine imeandika 94.

Jaribu kitambaa leo, utuletee majibu.