Vidoa vyeusi kwenye upanga wa kuku: ni ndui au viroboto?

SWALI: Shikamoo daktari. Nafuga kuku 14 wa kienyeji hapa nyumbani Kibaha. Tangu mvua zianze, wanne wametoka vipele vyeusi kwenye upanga na kuzunguka macho, na mmoja jicho limefumba kabisa. Wa tano ni tetea anayelalia mayai, upanga wake umenyauka na kupauka. Jirani kaniambia nivikwangue vile vipele kwa wembe halafu nipake oili chafu. Mayai tunaendelea kula. Je, na sisi tutaambukizwa?

JIBU: Marahaba mama. Huo wembe urudishe ulikoutoa.

Kabla ya dawa yoyote, mkamate mmoja asubuhi jua likiwa limeshatoka, mviringishe kanga asipigepige mabawa, mpakate, halafu pitisha ukucha taratibu juu ya hivyo vidoa. Kipele cha ndui kimeota kwenye ngozi yenyewe kama chunjua: kikavu, kinakwaruza, na havilingani, kimoja bado cha njano, kingine kimeshakuwa gaga jeusi. Viroboto wao wanalingana, wadogo, kahawia iliyokoza, wamesongamana kama punje za ulezi zilizomwagika. Ukimsukuma habanduki, kwa sababu mdomo ameuzamisha ndani. Hapo ndipo watu wanapopotea: wamezoea kiroboto wa kurukaruka, na huyu wa kuku jike lake likishang'ata linaganda palepale siku nyingi. Niliwahi kuletewa jogoo aliyekuwa akitibiwa ndui mwezi mzima. Nikampaka mafuta ya mgando kwenye upanga, baadaye nikafuta kwa pamba, na ile "ndui" ikatoka na miguu.

Kama ni viroboto, basi fanya hivyohivyo: mafuta ya mgando juu ya vidoa, yasiingie machoni. Lakini kumpaka kuku peke yake ni kazi bure, maana watoto wa viroboto wanakulia kwenye vumbi la sakafu. Fagia banda lote, choma takataka, nyunyiza dawa ya unga ya viroboto vya kuku kutoka duka la dawa za mifugo.

Kwa maelezo yako, hata hivyo, mimi nashuku ndui. Mvua huleta mbu, na mbu ndio wasambazaji wakubwa. Ni kirusi, hakuna dawa ya kukiua; kwa kawaida magaga hudondoka yenyewe baada ya wiki tatu au nne. Ukikwangua, unamwaga damu ambayo wenzake wataidonoa, na wembe uleule unahamisha ugonjwa kutoka huyu kwenda yule. Oili chafu nayo inaunguza macho, na kuku akijichambua manyoya anaimeza.

Watenge hao wanne. Magaga yapake ayodini kwa pamba, mbali na jicho. Jicho lioshe asubuhi na jioni kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo, na huyo aliyefumba mlishe mwenyewe, mwekee maji mbele ya mdomo. Wengi niliowaona wakifa kwa ndui ya ngozi walikufa njaa, pumba ziko hatua mbili tu lakini hawazioni. Mchicha uwape kwa wingi. Mfunue na mdomo: ukikuta utando wa njano kooni, muite afisa mifugo siku hiyohiyo.

Wale tisa wazima wachanjwe ndui sasa, kwa sindano ya ncha mbili kwenye ngozi nyembamba ya bawa. Baada ya siku 7 hadi 10 angalia palipochomwa. Pakiwa na kauvimbe, chanjo imeshika. Usiniambie walishapata ya matone ya jicho. Ile ni ya mdondo, haizuii ndui.

Tetea wako huenda hana shida. Kuku akilalia, upanga hunyauka na kupauka, ukarudi akianza tena kutaga. Ila usiku mwendee na tochi, umulike chini ya mabawa na kwenye nyufa za kiota. Utitiri mwekundu hujificha mchana na kunyonya damu usiku, na anayelalia hana pa kukimbilia. Ukiwakuta, subiri ashuke kula, uchome majani ya kiota na kumwaga maji ya moto kwenye nyufa, mayai ukiwa umeyatoa pembeni.

Mayai kuleni, ndui ya kuku haimpati binadamu. Isipokuwa ukiwapa antibayotiki kwa ajili ya vidonda: hapo soma kwenye pakiti siku za kusubiri, na uzitimize.

Kitu kimoja usikingojee. Upanga mzima ukigeuka zambarau, kichwa kikavimba, na kuku wakaanza kufa ghafla, hiyo si ndui. Usichinje, usiuze hata mmoja, mpigie afisa mifugo wa kata.