Kibarua au mfanyakazi?

SWALI: Ninaandaa somo la Marekani ya karne ya 19. Niliandika: "Vibarua wa viwandani na wakulima waliungana kupigania haki zao." Mwenzangu akafuta "vibarua" akaweka "wafanyakazi", akidai kibarua ni neno la dharau. Nani yuko sahihi? (Mwalimu wa sekondari)

JIBU: Mwalimu, mwenzako amegusa neno linalostahili kuguswa, ila sababu yake siikubali. Kibarua si tusi. Asili yake ni barua ndogo, kile kikaratasi alichopewa mtu wa kazi ya kutwa ili akirudishe apokee ujira. Jina la karatasi likamhamia mtu, naye akapewa upatanisho wa watu: kibarua amefika, vibarua wamelipwa. Likabaki pia kuwa jina la kazi yenyewe, na hapo upatanisho unarudi kwenye kitu: kibarua chake kimeota nyasi. Kiini cha neno ni siku moja. Ya kesho haijulikani.

Sasa lipime neno hilo kwa watu wenyewe. Wasichana wa viwanda vya nguo vya Lowell, Massachusetts, walitoka mashambani kwa wazazi wao, wakaishi katika nyumba za kampuni na kuamshwa kwa kengele ya kiwanda. Waligoma mwaka 1834 ujira ulipopunguzwa, wakagoma tena 1836 gharama za malazi zilipopanda. Hao ni wafanyakazi. (Nguo za viwanda vya jimbo hilo zilifika hadi Unguja, ndiyo maana Kiswahili kina kitambaa kiitwacho amerikani.) Washona viatu wa mji wa Lynn, katika jimbo hilohilo, waliogoma 1860 ningewaita mafundi, hata kama mashine zilikuwa zimeshaanza kuwapokonya kazi ya mikono. Ukimwita fundi kibarua, unaufuta ujuzi uleule aliokuwa akiupigania.

Vibarua walikuwepo, na wengi: wapakuaji wa bandarini, wachimbaji wa njia za reli, wavunaji wa msimu kwenye mashamba makubwa ya ngano ya Dakota. Kwa hao neno lako linafaa kabisa.

Neno linalonisumbua zaidi katika sentensi yako ni "wakulima", ambalo mwenzako hakuligusa. Kiswahili humwita mkulima yeyote anayelima, awe na shamba au asiwe nalo. Aliyepata ekari 160 kwa sheria ya mwaka 1862 ya kugawa ardhi ya serikali ni mkulima mwenye shamba. Adui zake ni nauli ya reli na riba ya benki. Kusini, baada ya utumwa kufutwa, Weusi wengi na Weupe maskini walilima pamba kwenye ardhi ya mtu mwingine kwa kugawana mavuno, huku wakikopa chakula dukani na kuweka rehani pamba ambayo haijavunwa. Huyo mwite mlimaji wa kugawana mavuno. Ni maneno mengi, lakini "mkulima" peke yake linamficha mwenye ardhi, nami sitaki mwanafunzi asimwone.

Halafu "waliungana". Masikio yetu yamezoea "wakulima na wafanyakazi" kama jozi, tangu enzi za jembe na nyundo. Marekani jozi hiyo ilijaribiwa, haikushika. Chama cha People's Party, kilichobeba madai ya wakulima, kilipokutana Omaha mwaka 1892 kiliwaita wote wazalishaji, na mgombea wake wa urais, James Weaver, akapata kura zaidi ya milioni moja, nyingi za mashambani. Mwaka 1896 William Jennings Bryan, mgombea urais aliyeungwa mkono na chama hicho, alishindwa katika majimbo ya viwanda. Mkulima mwenye deni alitaka bei za mazao zipande. Mwenye mshahara alihofia bei ya mkate.

Kwa hiyo ningeandika: "Wakulima wenye madeni walijaribu kuungana na wafanyakazi wa viwandani, lakini wengi wa wafanyakazi hao hawakuwafuata kwenye kura."