Pedi si sukari ya mgao

"Shangazi, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Mwanga hapa Kigoma. Binti yangu mkubwa ana miaka 12, yuko darasa la sita, na amevunja ungo mwezi wa tatu mwaka huu. Nimemnunulia pedi nzuri, zile nene zenye manukato, pakiti elfu tatu. Nazitunza kabatini kwangu na kumgawia mbili kwa siku, asubuhi na jioni, maana watoto hawajui kutunza vitu. Mama mkwe wangu wa Ujiji kamshonea vitambaa vya kanga na flana, anavifua na kuvianika uani kweupe, hata wapangaji wa kiume wanaviona. Mume wangu naye juzi kapita dukani kwa Mangi, kanunua pedi mbele za watu, kaja nazo mkononi kama mkate. Niliona aibu. Sasa kila Ijumaa binti yuko Ujiji, harudi mpaka aitwe. Nadhani bibi yake anamjaza maneno, kwani mwezi wa nne hakuona siku zake, nilipomuuliza vizuri alilia tu akaenda huko huko. Ni pedi gani inamfaa, na nifanyeje huyu mama aache kumletea ushamba? Nasikia pia kuna kikombe cha kukingia damu ya hedhi."

Marahaba, mwanangu. Pole, maana binti wa kwanza akivunja ungo mama naye hushtuka, anajikuta amezeeka asubuhi moja. Pole yangu inaishia hapo.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza niliona pedi, mara ya pili nikamwona mama mkwe. Mara ya tatu ndipo nikaliona lile ulilolipitisha harakaharaka, kama mtu anayekatiza na kuku wa jirani kwapani: "nilipomuuliza vizuri alilia". Aliyeulizwa vizuri hujibu. Wewe ulimuuliza yuko na mvulana gani, na pengine ukamtazama tumbo. Kama nimekusingizia niandikie tena, nitakuomba radhi hapa hapa mbele za watu.

Msichana akianza, mwaka wa kwanza na wa pili siku zake hazina kalenda. Ataona leo, akae mwezi au miwili bila kitu, kisha zije tena kama mgeni asiyepiga hodi. Yai bado halitoki kila mwezi, homoni bado hazijapata mwendo wake. Huenda na wewe ilikuwa hivyo, ila hakukuwa na mtu wa kukuhesabia. Mwenzio kahesabiwa na kuhukumiwa, kosa lake ni mwili kuchelewa. Ungekuwa yeye, usingekwenda kwa bibi? Sisemi usimlinde, mlinde sana. Ila mtoto anayemwogopa mama yake, siku akisumbuliwa na mtu njiani atanyamaza, na hapo ndipo utakapolia wewe.

Tuje kwenye mgao wako. Mbili kwa siku, asubuhi na jioni, yaani pedi moja inakaa saa kumi na mbili! Na katikati kuna shule, kuna jua, kuna mbio za uwanjani. Pedi hubadilishwa kila baada ya saa nne mpaka sita hata kama damu ni kidogo, na ikijaa mapema itolewe mapema. Kwa hiyo mchana na usiku anahitaji nne hivi, na akienda siku tano hizo ni ishirini. Pakiti nyingi za dukani zina nane au kumi, basi piga hesabu. Wewe unampa kumi, tena kwa ufunguo. Mwali wa hivyo hajifunzi kutunza vitu, anajifunza kukunja soksi kuukuu na karatasi za daftari.

Sitashangaa nikisikia ana muwasho na hajakwambia. Waliosema kikulacho ki nguoni mwako hawakuwa na pedi kichwani, lakini hapa limeangukia mahali pake. Hayo manukato unayoyasifia huwasha ngozi za wengi, na harufu hayaiondoi, yanaifunika tu. Harufu huondolewa kwa kubadilisha na kuoga maji safi. Tena anaosha nje tu. Ndani hakuingizwi sabuni wala maji ya dawa, kunajisafisha kwenyewe.

Halafu mumeo. Hivi hukujiuliza kwa nini alinunua pedi wakati kabatini zimejaa? Mtoto alimwambia zimemwishia. Mtoto wa kike, mwanangu, kaona ni rahisi kumwomba baba yake kuliko kukuomba wewe ufunguo. Hilo lingenikosesha usingizi mimi, si kuonekana na Mangi.

Ndoa za siku hizi zinanichosha. Mke analalamika kwamba mume hajui mtoto yuko darasa la ngapi, hajui sare inauzwa wapi, hajui zamu ya kliniki. Akianza kujua, anaambiwa anaingilia mambo ya kike. Mnataka waume wa namna gani? Kwenye simu mnawatazama waume za watu wakisukuma vigari vya watoto, mnawatilia vimoyo. Wa kwako kabeba pakiti moja, unajifunika kanga usoni. Najua, zamani haya yalikuwa ya shangazi na somo, baba hakutia mguu, na mimi nimelelewa hivyo hivyo. Lakini leo mashangazi wametawanyika, makungwi tumewabakiza kwenye kicheni pati, na mama ndiye huyo kashika ufunguo. Nani abaki? Mwanamume aliyevuka Mwanga na pedi mkononi mchana kweupe hajakuaibisha. Mpikie migebuka, umshukuru.

Na mama mkwe wako nampigia makofi kutoka hapa nilipo. Hicho unachokiita ushamba, wasichana wa leo wanafundishwa kukishona mashuleni kwa jina la pedi za kufua, na watu wanapiga picha. Wakija wageni ni mradi, akishona bibi wa Ujiji ni ushamba!

Eti anavianika kweupe. Ndivyo inavyotakiwa! Kitambaa cha hedhi hulowekwa kwanza kwenye maji ya baridi, kwa sababu maji ya moto hugandisha doa. Kinafuliwa kwa sabuni, kinasuuzwa mpaka maji yatoke meupe, kisha juani mpaka kikauke kabisa. Wanaovificha uvunguni au chini ya godoro kwa aibu ndio wanaovaa unyevu na kulea fangasi. Mficha uchi hazai. Hao wapangaji wakiangalia, wataona nguo iliyofuliwa, na wao pia wamezaliwa na wanawake. Kama roho inakuuma sana, nunua kamba nyingine uifunge upande wa jikoni.

Lakini bibi naye asivimbe kichwa akisoma hapa. Mvua za Kigoma zikishika, Novemba mpaka Aprili, kitambaa kinaweza kulala kambani siku mbili kikiwa bado kibichi. Na shuleni mtoto atakitia wapi kilicholoa, kwenye begi pamoja na daftari la hisabati? Kwa hiyo hukumu yangu ni hii: vitambaa vya bibi avae nyumbani, pedi za dukani ziwe za shule, za safari na za siku za mvua. Chukua zisizo na manukato, nyembamba, zenye mabawa ya kukunjia kwenye chupi. Zile nene zinamtembeza kama bata na darasa zima linajua. Ya usiku iwe ndefu kidogo. Iliyotumika aifunge kwenye karatasi, ichomwe na taka. Asiitupe kwenye choo cha kuvuta maji, na jamani, msitupe ziwani, ndani yake kuna plastiki isiyooza.

Kikombe ni kitu kizuri, kimoja kikitunzwa chaweza kwenda hata miaka kumi. Ila kinaingizwa ndani, kinataka kuchemshwa, kinataka mtu aliyeuzoea mwili wake, na huyu wa kwako ndiyo kwanza anakutana nao. Akikua ataamua mwenyewe.

Bei inauma, sikatai. Mwaka 2018 serikali iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye taulo za kike, tukashangilia. Mwaka 2019 ikairudisha, kwa maelezo kwamba nafuu ile haikumfikia mnunuzi. Kwa hiyo usikae ukisubiri bei ishuke. Flana ya mama mkwe inafuliwa na kurudiwa mwezi baada ya mwezi, nawe unaitukana!

Jumamosi hii nenda Ujiji mwenyewe, usimwite mtoto. Beba kilo mbili za sukari, umsalimie mama mkwe vizuri, umwombe akuonyeshe anavyokata kitambaa, ukae mkekani umshonee binti yako viwili kwa mkono wako. La mwezi wa nne mwombe msamaha kwa maneno, si kwa kumnunulia soda. Pakiti zihamie chumbani kwake, na umpe na kalenda aweke alama zake mwenyewe bila wewe kuzikagua. Ila mwambie akiona pedi inaloa yote kila saa, saa kadhaa mfululizo, au damu ikapita siku saba, au tumbo linamlaza mpaka anakosa shule, aje akuambie wewe kwanza. Hapo utampeleka kituo cha afya, na bibi atabaki Ujiji kuwalindia vitambaa.