Mamlaka ya nani? Umaksi, usasaleo na sentensi zetu za elimu

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa ualimu na ninaandika tasnifu kwa Kiswahili kuhusu nadharia za elimu. Nimeandika hivi: "Kwa mtazamo wa Umaksi, shule ni chombo kinachotumiwa na mamlaka kuwakandamiza wanyonge. Kwa mtazamo wa usasaleo, shule pia ni chombo cha mamlaka, ila mamlaka yenyewe iko kila mahali." Msimamizi wangu amelipigia mstari neno "mamlaka" mara zote tatu na kuandika pembeni: "Ipi?" Sijaelewa kosa langu liko wapi. Pia naomba kujua: ni Umaksi au Umarx? Je, "usasaleo" ni neno linalofaa? Na niandike "tabaka la wafanyakazi" au "tabaka ya wafanyakazi"?

JIBU: Msimamizi wako ameona jambo la msingi. Sarufi yako haina kasoro. Tatizo ni kwamba umelibebesha neno moja dhana mbili zinazopingana, na msomaji atapita hapo akidhani mitazamo yote miwili inasema jambo lilelile, tofauti ikiwa tu kwamba wa pili unaliona limeenea zaidi. Sivyo hata kidogo.

Katika Kiswahili cha kila siku mamlaka ni kitu chenye mwenyewe. Mtu hupewa mamlaka, huitumia vibaya, kisha huvuliwa. Mmaksi, yaani mfuasi wa nadharia ya Karl Marx, hana ugomvi na maana hiyo, ila atakuuliza papo hapo: mamlaka ya nani? Na jibu analolitaka si mkuu wa shule wala wizara. Ni tabaka linalomiliki njia kuu za uzalishaji mali. Ukiandika "mamlaka" ukaishia hapo, umemficha mtu yuleyule ambaye Umaksi umekuja kumtaja kwa jina. Andika "tabaka tawala", au "mabepari", au "dola" kama ndiyo unayoikusudia. Usiseme "serikali" unapotaka kusema "dola": serikali huja na kuondoka, dola hubaki, na nadharia ya Kimaksi inaihusu ile inayobaki.

Sentensi yako ya pili, ile ya usasaleo (kwa Kiingereza postmodernism), ina deni kwa mwanafalsafa Mfaransa Michel Foucault, ijapokuwa hukumtaja. Kitabu chake cha mwaka 1975 kinahusu historia ya gereza, lakini kinatumia kurasa nyingi kuielezea shule: ratiba iliyogawa siku vipande vipande, wanafunzi waliopangwa kwa safu na kwa madaraja, jicho la mwalimu linalomfikia kila mmoja mahali alipoketi, na juu ya yote, mtihani. Mamlaka anayoizungumzia haishikwi na mtu. Hufanya kazi baina ya watu, na mwalimu anayeitekeleza naye anakaguliwa. Kwa hiyo vitenzi vinavyoandamana na mamlaka katika Kiswahili, yaani kupewa, kushika na kunyang'anywa, vyote vinakwama hapa. Tumia hupita, husambaa, hujipenyeza. Tumia pia huzalisha, maana Foucault anasisitiza kwamba mamlaka haikatazi tu, bali inazalisha: inazalisha maarifa kuhusu mtoto, na inamzalisha "mwanafunzi wa wastani", "mwanafunzi mzito", "mwanafunzi mwenye kipaji". Ukiandika "kuwakandamiza" peke yake, nusu ya hoja yake imepotea.

Hapa Kiswahili kina hazina ambayo waandishi wengi wa nadharia hawaitumii, nayo ni minyambuliko ya vitenzi. Kauli ya kutendwa humwachia mtenda nafasi: "hunyonywa na", "hupangwa na". Kauli ya kutendeka haina nafasi hiyo. Huwezi kusema "anapimika na mwalimu". Unasema "anapimika", basi. Ninaamini tofauti ya mitazamo yako miwili inaweza kuandikwa karibu yote kwa minyambuliko hii. Sentensi ya Kimaksi hupenda kutendwa pamoja na "na" yake, kwa sababu bila mtenda hakuna wa kupambana naye. Sentensi ya Foucault hupenda kutendeka, kwa sababu kinachomshangaza ni jinsi mtoto alivyogeuka kuwa kitu kinachopimika, kinacholinganishika na kuandikika katika jalada.

Chukua mtihani huohuo uone. Mwaka 1976 wachumi wawili wa Marekani, Samuel Bowles na Herbert Gintis, walidai kwamba mahusiano ya shuleni yanalandana na mahusiano ya kazini: mwanafunzi husoma kwa ajili ya maksi kama vile mfanyakazi anavyofanya kazi kwa ajili ya mshahara, na wote wawili hawana sauti juu ya kazi yenyewe. Ukifuata hoja yao utaandika: "Kupitia mtihani, watoto wa wafanyakazi huzoezwa na shule utiifu unaohitajiwa na waajiri." Kila kitenzi kina mtendaji wake. Sasa fuata hoja ya Foucault: "Katika mtihani, mwanafunzi huonekana, hupimika na kulinganishika na wenzake, na hatimaye hujitazama mwenyewe kwa kipimo hichohicho." Mwajiri hayumo. Hata mwalimu hayumo. Linganisha sentensi hizo mbili na mbili zako, nadhani utaona mara moja kwa nini msimamizi wako aliuliza "ipi".

Kuna kirai kingine ambacho hukukiuliza lakini utakikuta ukiendelea kusoma, na kinapotosha kuliko vyote. Mwaka 1970 Louis Althusser, mwanafalsafa wa Kimaksi wa Ufaransa, alitofautisha vyombo vya dola vinavyotawala kwa mabavu, kama vile polisi, jeshi na mahakama, na vile vinavyotawala kwa itikadi. Katika kundi la pili aliitaja shule kuwa ndiyo iliyochukua nafasi ambayo zamani ilikuwa ya kanisa. Waandishi wetu hufupisha na kuandika kwamba "kwa Althusser shule ni chombo cha dola". Tatizo ni kwamba msikilizaji wa taarifa za habari amezoea kusikia "vyombo vya dola" kwa maana ya polisi na usalama. Atakachokielewa ni kwamba shule inatumia nguvu kama polisi, yaani kinyume kabisa cha kile Althusser alichotaka kukitenga. Kirai kizima, "chombo cha itikadi cha dola", ni kizito mdomoni lakini hakina mbadala. Kiandike kizima kila mara.

Kwa Antonio Gramsci, Mmaksi wa Italia, fanya uangalifu uleule. Nimeona hegemonia ikiandikwa "ubabe". Ubabe ni nguvu za mikono, na Gramsci, akiandika akiwa kifungoni nchini Italia kuanzia mwaka 1929, alitaka kueleza namna watawaliwa wanavyokubali wenyewe. "Hegemonia" iache ilivyo, ukiifafanua mara ya kwanza kuwa utawala unaosimama kwa ridhaa.

Neno jingine litakalokusumbua ni lile linaloeleza shule inavyoendeleza matabaka. Wengine huandika "uzalishaji upya wa matabaka", wengine "urithishaji". Nisingechagua moja nikalitupa la pili. Althusser anazungumzia mahusiano ya uzalishaji ambayo lazima yafanywe upya kila siku ili ubepari uendelee kusimama. Hapo "uzalishaji upya" ndilo neno. Wanasosholojia Pierre Bourdieu na Jean-Claude Passeron, katika kitabu kilichotoka Ufaransa mwaka huohuo wa 1970, wanatazama jambo lililo karibu zaidi na familia: mtoto wa wasomi anafika darasani akiwa tayari ana lugha, ladha na mwenendo unaothaminiwa na shule, na shule inauita mtaji huo wa kitamaduni kipaji. Hapo "urithishaji" una nguvu zaidi, kwa sababu hoja yenyewe ni kwamba kuna urithi unaopita bila kuitwa urithi. Bourdieu hata hivyo usimwite Mmaksi moja kwa moja. Alimsoma Marx kwa makini, lakini alijenga nadharia yake.

Kuhusu "unyonyaji" nitasema kidogo tu. Kwa Marx ni istilahi ya uchumi: mwenye mtaji huchukua thamani ya ziada inayotokana na kazi ya mwingine. Mwalimu mkali anaweza kuwa mnyanyasaji, asiwe mnyonyaji.

Sasa "usasaleo". Neno hili limekwisha kuota mizizi katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili, na sioni faida ya kuliunda jingine kwa ajili ya elimu peke yake. Litumie. Lakini fahamu hatari yake. Masikioni mwa watu "kisasa" ni sifa: nyumba ya kisasa, kilimo cha kisasa, shule ya kisasa yenye kompyuta. Ukiongeza "leo", msomaji asiyejua nadharia atafikiri unazungumzia kitu cha kisasa kupita kisasa. Usasa unaokusudiwa na nadharia ni mwingine: ni ile imani, iliyopata nguvu Ulaya katika karne ya 18, kwamba akili na sayansi zitamkomboa binadamu hatua kwa hatua, na kwamba shule ndiyo njia ya ukombozi huo. Usasaleo ni shaka juu ya imani hiyo. Kwa hiyo usiandike "elimu ya usasaleo" wala "shule ya usasaleo", kana kwamba kuna shule za namna hiyo mahali fulani. Andika "mtazamo wa usasaleo kuhusu elimu". Ni kirefu kidogo, lakini kinaonyesha kwamba tunalozungumzia ni jicho, si jengo.

Aliyeutolea usasaleo maelezo mafupi yanayonukuliwa kila mahali ni mwanafalsafa Mfaransa Jean-François Lyotard, mwaka 1979: ni kutoziamini simulizi kuu. Watu husahau kwamba maneno hayo yamo katika ripoti kuhusu hali ya maarifa, iliyoandikwa kwa ombi la baraza la vyuo vikuu la serikali ya Quebec nchini Kanada. Kwa hiyo elimu haikuingizwa baadaye katika mjadala huu. Ilikuwamo tangu mwanzo. Na anachokihofia Lyotard humo ni kwamba maarifa yanageuzwa bidhaa, hata mwanafunzi anaacha kuuliza kama jambo ni kweli na kuanza kuuliza kama linauzika. Mmaksi angeweza kuiandika hofu hiyo bila kubadili neno. Si ajabu. Lyotard aliwahi kuwa mwanaharakati katika kundi la Kimaksi, na Foucault alifundishwa na Althusser. Ndiyo maana sikubaliani na tasnifu zinazoiweka mitazamo hii katika jedwali la safu mbili kana kwamba haijawahi kukutana. Inagombana kama watu waliokulia nyumba moja, na ugomvi wenyewe unahusu simulizi kuu: kwa Lyotard, ile hadithi ya Umaksi kwamba historia inaelekea kwenye ukombozi wa wafanyakazi ni mojawapo ya simulizi zisizoaminika tena; lakini kwa Mmaksi, ukimwondolea mnyonge hadithi hiyo umemwachia mwenye mali uwanja mzima. Andika ugomvi huo. Utakuwa na manufaa kwa msomaji wako kuliko fasili kumi.

Neno "simulizi" lenyewe lifafanue kidogo unapolitaja mara ya kwanza, kwa kuwa wasomaji wetu wanalijua kutokana na fasihi simulizi na wanaweza kuwaza ngano za mdomo. Na Foucault usimwite "mwanausasaleo" bila kusita. Hakujiita hivyo, sema "anayehesabiwa miongoni mwa" au "anayehusishwa na".

Umaksi au Umarx? Yote mawili yamo katika maandishi ya kitaaluma na hakuna atakayekukosoa kwa haki ukishika moja hadi mwisho. Mimi huandika Umaksi, Mmaksi na Kimaksi, kwa sababu vinasomeka kwa silabi zetu, na jina la mtu mwenyewe huliacha Marx. Herufi kubwa ni ya lazima hapa kama ilivyo katika Ukristo au Kiswahili, na katika maandishi ya elimu ina kazi ya ziada: maksi ni alama za mtihani, na sentensi kama "mjadala wa kimaksi darasani" yenye herufi ndogo inaweza kumpeleka msomaji kwenye upangaji wa madaraja. Usasaleo, kwa kuwa haukutokana na jina la mtu, unaandikwa kwa herufi ndogo.

Jambo moja la kuepuka: usiufanye "Umaksi" na "ujamaa" kuwa visawe. Ujamaa kwa maana pana hutumika kwa siasa nyingi za usoshalisti, lakini neno lina historia yake. Julius Nyerere aliulinganisha na undugu wa jamaa na alikataa kuujenga juu ya mapambano ya kitabaka, wakati kwa Marx mapambano hayo ndiyo injini. Ukitafsiri "nadharia ya Kimaksi ya elimu" kuwa "nadharia ya kijamaa ya elimu", msomaji atakumbuka Elimu ya Kujitegemea, waraka wa Nyerere wa mwaka 1967, na hapo utakuwa umeandika kuhusu kitu kingine.

Mwisho, tabaka. Katika Kiswahili sanifu limo katika ngeli ya LI-YA: tabaka la wafanyakazi, matabaka ya jamii, tabaka linalomiliki. "Tabaka ya" na "tabaka za" utazisikia kwa wasemaji wengi, lakini katika tasnifu andika "la" katika umoja na "ya" katika wingi, na unapotaka kivumishi tumia "-a kitabaka": tofauti za kitabaka, mwamko wa kitabaka.