Shida si wingi wa magari, ni kuendelea kuchungulia

Ndugu Mhariri, wiki hii mmeuliza kama mnunuzi wa gari mwenye machaguo mengi ndiye anayeridhika zaidi. Nauza spea hapa Mwanjelwa, Mbeya, na kwa ninavyowaona wateja, haridhiki. Ila siulaumu wingi peke yake.

Wengi siku hizi wanaagiza Japani kwenye tovuti, kwa simu zao. Mtu anataka Toyota IST, basi zinamjia kwa mamia: silva, nyeusi, injini ya cc 1300, ya cc 1500, mwaka huu, kilomita zile. Anachagua, analipa, gari linapakiwa melini. Hapo angeachana na ile tovuti. Wapi! Gari likiwa bado baharini ameshaona jingine safi zaidi kwa bei pungufu, na siku anayolipokea Dar es Salaam ameshaanza kulitafutia kasoro. Aliyenunua la jirani yake, lile moja lililokuwepo, anawasha anaondoka zake. (Shemeji yangu wa Iringa hupekua magari kila usiku na hana mpango wa kununua. Huyo anafaidi kuliko wote.)

Wingi nao una lake, na wenzetu wameupima. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 uliwaangalia wanunuzi wa magari mapya Ujerumani, ambako mteja hujipangia mwenyewe vitu vya gari lake, na kwa rangi za ndani tu aliwekewa 56. Walioanza na maswali yenye machaguo mengi walichoka mapema, wakawa wanapokea tu kilichopendekezwa. Kwa kupangua mfuatano wa maswali tu, bei ya gari ilipishana kwa wastani wa zaidi ya yuro 1,500. Hela yote hiyo, uchovu!

Kwa hiyo cha kwanza kiulizwe nini? Kwetu nyanda za juu naona ni barabara. Anayepanda Makete au vijiji vya Rungwe masika, kwenye udongo, gari la chini halimfai hata likiwa la bei ya kutupa. Halafu spea: zipo mjini, au kila kitu kisubiri basi la Dar? Kisha ushuru, maana gari kuukuu linaongezewa tozo ya uchakavu juu. Ukishapita hapo yamebaki matatu, manne, na hayo yachague hata kwa rangi.

Wengi rangi ndiyo wanaanza nayo. Mwezi wa pili tangu wanunue wako dukani kwangu, wanaulizia taa ya nyuma ambayo sijawahi kuiona.

Msomaji wenu, Mwanjelwa, Mbeya